Fungu la Kumi la Cortez

"Hesabu tena," alisema Cortez.

"Nimehesabu mara mbili, wewe mwenyewe unaona."

"Hesabu tena, Mama."

Bi Verlene Stallworth alizikusanya noti, akazigonga mezani zikae sawa, akaanza upya, ishirini juu ya ishirini, huku midomo yake ikicheza bila sauti. Zikaishia palepale. Dola mia nane na kumi. Ilikuwa Jumatano alasiri. Kesho yake, saa tatu asubuhi, Cortez alitakiwa kusimama mbele ya jaji wa mji akiwa amelipa faini yake yote, dola mia tisa. Barua ya mahakama ilisema kamili, na neno hilo lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu. Zisipotimia, kifungo cha nje kinafutwa na yeye anaingia ndani, jela ya kaunti, siku sitini. Na kiwanda cha kuku hakimwekei mtu nafasi yake siku sitini. Hakimwekei hata wiki.

"Nilikuletea mia kila Ijumaa," alisema Cortez. "Ijumaa tisa. Mia mara tisa ni ngapi?"

"Kuhesabu najua."

"Basi tisini ziko wapi? Nani kaingia humu ndani?"

"Hakuna aliyeingia." Bi Verlene alizifunga zile noti kwa mpira. "Nilikutolea fungu la kumi."

Cortez alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Kazi yake ilikuwa kutundika kuku hai, miguu juu, kwenye minyororo inayopita bila kusimama, na siku hiyo kama siku zote alikuwa na unyoya mmoja umemganda nyuma ya sikio. Alisimama pale jikoni na buti zake za mpira, mdomo wazi kidogo.

"Ulinitolea nini?"

"Fungu la kumi. Katika kila mia, kumi ya Bwana. Niliiweka kwenye bahasha, nikaandika jina lako, si langu. Kule kanisani inasomeka Cortez Stallworth."

"Mama, zile ni faini! Nani duniani anatolea faini fungu la kumi?"

"Haikuwa faini ulipoileta. Ulipoileta ilikuwa mshahara."

Cortez alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mtu. Alikuwa na miaka thelathini na moja na mwenyewe ndiye aliyemwomba mama yake amtunzie, kwa sababu alijijua. Pesa ikilala mfukoni mwake, asubuhi haipo. Na mama yake hakuwa mtu wa kugusa senti ya mtu. Wajane wenzake kanisani walimpa funguo za nyumba zao waliposafiri. Ndiyo maana hakuwahi kuzihesabu.

"Umeniibia," alisema.

"Rudia."

"Umeniibia, Mama. Pesa zangu umempa Shemasi Tarver."

Bi Verlene alisimama. Hakuwa mrefu, lakini aliposimama watu kwa kawaida walinyamaza. "Nimempa Mungu. Wewe ulichukuliwa leseni, ukaendesha hivyohivyo, ukakamatwa, ukatozwa, hukulipa, ukatozwa kwa kutolipa. Nikajiuliza, mtoto huyu kila mlango anaogusa unamfungia, kwa nini? Kwa sababu tangu uanze kazi hujawahi kumtolea Mungu hata dola. Nikaona nikuzibie hapo. Nimekuwekea kinga, halafu unaniita mwizi jikoni kwangu?"

"Kinga gani hiyo ya kunipeleka jela?"

"Punguza sauti."

"Kinga gani, nakuuliza!" Alipiga mlango wa jokofu kwa kiganja. "Una ngapi wewe?"

"Kumi na nne. Na umeme haujalipwa. Pensheni bado wiki moja."

"Ijumaa nalipwa."

"Jaji hakusema Ijumaa."

Wote wawili walitazama saa ya ukutani. Ofisi ya kifungo cha nje hufungwa saa kumi na moja jioni.

Bi Verlene ndiye aliyeendesha gari, Buick yake. Cortez alikaa pembeni na mkanda ameufunga, magoti yamegusa dashibodi.

Ofisi yenyewe haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya kampuni, kwenye safu ya maduka, katikati ya saluni ya kucha na duka la mikopo. Bi Verlene aliingia kwanza duka la mikopo, akatoka mara moja. Kadi ya Buick ilikuwa rehani kwao tayari tangu majira ya baridi, kwa sababu ya bomba lililopasuka.

Nyuma ya kioo alikuwa amekaa Bi Kimbrell, mwanamke mweusi wa makamo, kucha ndefu za zambarau, na kikombe chenye maandishi ya kanisa lake. Alikuwa na watu mia na zaidi chini yake, na kila mmoja alimlipa dola arobaini kwa mwezi kwa kule kuangaliwa tu.

"Stallworth," alisema bila kuinua macho. "Nilidhani umekimbilia Georgia."

"Nina mia nane na kumi," alisema Cortez kupitia kitundu cha kioo. "Na Ijumaa nalipwa. Unaweza kumwandikia jaji?"

"Kumwandikia nini? Kwamba hujui kusoma barua?"

"Kwamba zimebaki tisini tu."

"Sikiliza, mpenzi. Ukinipa hizo leo, kwanza nakata arobaini zetu za mwezi. Zinabaki mia saba na sabini za faini. Ndivyo mashine ilivyopangwa, si mimi. Unataka nizipokee?"

Cortez aliurudisha mkono wake haraka.

"Nilivyofikiri. Kaa nazo, zipeleke kesho dirishani mahakamani, zote zihesabike faini. Na zitimie. Jaji Haskew ameanza wiki vibaya." Hapo ndipo alipomwona Bi Verlene nyuma. "Hujambo, Bi Verlene. Hizo tisini nyingine amezinywa?"

"Hanywi," alisema Bi Verlene. "Nilizitoa kanisani. Fungu lake la kumi."

Bi Kimbrell aliweka kikombe chini. Kwenye viti vya plastiki walikuwa wamekaa watu wanne wakisubiri, na wote wakawa wamesikia.

"Ulitoa fungu la kumi kwenye faini ya mahakama?"

"Kwenye mshahara wake."

"Yesu wangu." Alianza kucheka, akajizuia, kicheko kikamshinda. "Kwenu bado mnatoa kwa bahasha? Sisi tunatoa kwa simu siku hizi. Lakini sisi huwa tunalipa jela kwanza." Mwanaume mmoja kwenye viti akacheka naye. Cortez aligeuka, mwanaume yule akaangalia viatu vyake. "Basi, Bi Verlene, mwambie mchungaji wako aje asimame kizimbani kesho. Anayefuata!"

Nje, Cortez aliegemea mlango wa Buick. "Umeridhika? Mpaka Kimbrell anatucheka. Kesho kiwanda kizima kitajua."

"Ingia garini."

"Tunakwenda wapi?"

"Leo Jumatano," alisema Bi Verlene. "Kuna somo la Biblia."

Mchungaji alikuwa amealikwa kuhubiri mji mwingine, kwa hiyo somo lilishikwa na Shemasi Lucius Tarver, mwenye duka la matairi, ambaye pia ndiye aliyeshika hesabu za kanisa. Bi Verlene alimwambia mwanawe abaki garini. Akaingia kwa mlango wa pembeni, kama alivyoingia miaka yote akiwa kiongozi wa wahudumu wa mlangoni, akamkuta shemasi katika chumba cha hesabu akitafuta miwani.

Alimweleza kwa maneno machache. Hakupamba.

Shemasi Tarver alivaa miwani. "Dada Verlene, hizo pesa hazipo hapa. Zinakwenda benki kila Jumatatu."

"Benki inatoa pia."

"Kwa sahihi tatu. Na moja ni ya Mchungaji."

"Kuna mfuko wa wahitaji."

"Kamati inakaa Jumamosi ya pili ya mwezi. Unalijua hilo kuliko mimi. Na mfuko ni wa waumini walio hai katika kanisa. Mwanao hatujamwona tangu Pasaka."

"Hamjamwona, lakini fungu lake mmelipokea. Jina lake limo humo. Ijumaa tisa."

"Na amebarikiwa kwa hilo."

"Kesho saa tatu anafungwa."

Shemasi alipunguza sauti, na kwa namna fulani ikazidi kusikika. Ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili darasa lilikuwa limenyamaza. "Nikuulize, Dada. Ulipotoa, ulimpa nani?"

"Nilimpa Mungu."

"Basi mdai uliyempa." Alitabasamu, akachukua Biblia yake mezani. "Mtu akitoa halafu akarudi kudai, hiyo haikuwa sadaka. Ilikuwa amana. Sisi si benki, Dada Verlene. Wewe umewapokea watu mlangoni hapa miaka mingi. Sikutegemea haya kutoka kwako."

Bi Verlene angeweza kumkumbusha mengi, maana mtu aliyesimama mlangoni miaka mingi huona nani anakuja na nani na nani anaondoka mapema. Hakusema. Aliona kuwa akianza hatamaliza, na hakuja kwa ajili hiyo.

"Nikopeshe wewe, basi," alisema. "Wewe Lucius, si kanisa. Tisini mpaka Ijumaa."

Hilo lilimgharimu kuliko yote aliyoyasema siku hiyo. Shemasi alitazama mlango.

"Nimefunga hesabu za duka mwezi huu vibaya sana," alisema.

Mlango wa darasa uligongwa ukafunguka kwa kishindo, lakini haukuwa huu wa chumba cha hesabu. Cortez alikuwa ameingia kwa mlango mkubwa. Bi Verlene aliisikia sauti yake kabla hajafika.

"Samahanini. Sitakaa. Nina swali moja." Alikuwa amesimama kati ya viti na zile buti, na watu kama kumi na wawili walikuwa wamegeuza shingo, Biblia zimefunguka mapajani. "Nasikia mimi ni mtoaji mzuri hapa. Nani kati yenu aliwahi kuniona nikitoa?"

Walitazamana.

"Hata mmoja? Mtu ametoa dola tisini na hakuna aliyemwona?"

"Punguza sauti, mwanangu," alisema mama mmoja mwenye kofia nyeupe. "Hii ni nyumba ya Bwana."

"Najua, mama. Nimeilipia kodi."

Mtu mmoja nyuma alitoa kicheko, akakifunika kwa kikohozi. Shemasi Tarver aliingia mbiombio. "Toka na hizo buti. Umemwaga uchafu wa kuku kwenye zulia."

"Na wewe umemuuzia mama yangu tairi kuukuu kwa bei ya mpya. Lile nalo lilikuwa fungu la kumi?"

"Nitaita polisi, Cortez. Mtu wa kifungo cha nje akiitiwa polisi, unajua kinachofuata."

Darasa lote lilijua. Cortez alifumba mkono wake wa kulia, akaufumbua. Mama wa kofia nyeupe alikuwa amefungua mkoba wake akitafuta kitu, lakini shemasi alipomwangalia aliufunga tena.

"Cortez," alisema Bi Verlene kutoka mlango wa pembeni. "Garini."

Akatoka. Bi Verlene alivuka mbele ya wote, akainama, akaokota unyoya mweupe uliokuwa kwenye zulia, akaufunga mlango nyuma yake taratibu bila kuubamiza.

Garini Cortez alisema, "Kuna mtu mmoja tu aliyebaki, na hutaki hata kulitaja jina lake."

Bi Verlene alikuwa akimfikiria mtu huyohuyo.

Renita Pettway alifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuwageuza, kuwaosha na kuwabadilisha mashuka. Alikuwa amezaa na Cortez mtoto wa kike, Amaya, aliyekuwa darasa la kwanza. Hawakufunga ndoa. Walipomleta mtoto kanisani awekwe wakfu, Bi Verlene mwenyewe, na glavu zake nyeupe, aliwaonyesha kiti cha nyuma kabisa karibu na choo, na mtoto hakuitwa mbele. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili walipokutana dukani kila mmoja aligeuza toroli lake.

Asubuhi, zamu ya usiku ilipotoka, Bi Verlene alikuwa amesimama kwenye maegesho, na koti lake la kanisani, kando ya kituo cha basi. Alikuja peke yake. Renita alimwona, akasimama, akatazama nyuma kama kuna mwingine anayesubiriwa.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Habari za asubuhi, Renita."

"Bi Verlene, nimeosha watu wazima kumi na mmoja usiku huu. Sema ulichokuja nacho."

Bi Verlene alisema. Safari hii aliona haya kulitaja fungu la kumi, lakini alilitaja. Renita alisikiliza mpaka mwisho huku akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

"Subiri nielewe," alisema. "Kila Ijumaa nilimwambia Cortez, nipe hata ishirini, mtoto anataka viatu. Ananiambia, siwezi, za faini ziko kwa mama. Nikanyamaza. Kumbe za viatu vya mwanangu zinaingia kwenye bahasha."

"Sikujua kuhusu viatu."

"Hukuuliza. Hujawahi kuuliza kitu chochote kuhusu mtoto yule. Kazi yako kutuonyesha viti." Mwenzake mmoja alipita akasalimu, Renita akaitikia kwa mkono bila kugeuka. "Ninazo tisini. Unajua ni za nini? Ni za kodi, na nikizitoa mwenye nyumba atanipigia kelele mbele ya majirani, na nitamjibu nini? Kwamba Mungu amezichukua?"

"Ijumaa atakurudishia."

"Nani? Yeye au wewe?"

Bi Verlene alirekebisha kola ya koti lake.

"Nitakwambia nitakavyofanya," alisema Renita. "Sikupi mkononi. Mkono wako unavuja. Nitakuja mahakamani, nitalipa mwenyewe, na risiti itaandikwa jina langu. Halafu Cortez anahamia kwangu leo. Si kutembelea. Kuhamia, na nguo zake. Mshahara unakuja kwangu na kwa mwanangu. Na wewe husemi neno."

"Mtaoana?"

"Ukiuliza hivyo tena napanda basi."

"Unanitaka nimkabidhi mwanangu akakae kwenye uzinzi."

"Nakutaka unyamaze, Bi Verlene. Basi. Mungu akiuliza, mwambie ni mimi."

Basi lilikuwa linakuja, taa zake bado zinawaka. Bi Verlene alitazama zile taa. Kwa miaka thelathini alikuwa ameamini kwamba mtu hapewi kuchagua kati ya dhambi mbili, kwamba daima kuna mlango wa tatu kama mtu ataomba na kusubiri. Na alikuwa ameomba usiku kucha, magoti yakamuuma, na mlango uliofunguka ulikuwa huu, na mwanamke huyu amesimama ndani yake.

"Saa tatu," alisema. "Chumba cha juu. Wanachukua simu mlangoni."

"Najua mahakama ilipo," alisema Renita, akapanda.

Saa tatu ilifika, Renita hakuwepo.

Cortez alikuwa amevaa shati jeupe na suruali ya marehemu baba yake, fupi kidogo. Alilipa zile mia nane na kumi dirishani, karani akampa kipande cha karatasi bila kumtazama. Ndani watu walikuwa wamejaa viti vyote, wengine wamesimama ukutani, na karibu wote walikuwa watu wa mitaa ya chini, wanaojuana, wasiotaka kutazamana.

"Hatakuja," alinong'ona Cortez. "Mimi ningekuwa yeye nisingekuja."

"Atakuja."

"Baada ya ulivyomfanyia? Angekuja kunichekea, labda."

Waliitwa mmoja mmoja. Jaji Haskew alikuwa mzee wa kizungu mwenye mafua, akipenga kwa leso kila baada ya mtu. Jina la Stallworth liliposomwa, Cortez alisimama, akajifunga kifungo cha shingo.

"Mia nane na kumi," alisoma jaji. "Mimi nilisema ngapi?"

"Mia tisa, Mheshimiwa."

"Nilikupa miezi miwili. Tisini ziko wapi?"

Bi Kimbrell, aliyekaa pembeni na mafaili yake, aliuma kalamu akisubiri. Cortez aligeuza kichwa kidogo, akamwona mama yake mstari wa tatu, mikono juu ya mkoba. Hapo alikuwa na nafasi ya kumtaja. Alikuwa na hasira ya kutosha kuitumia.

"Nilitoa kanisani, Mheshimiwa. Fungu la kumi."

Chumba kilivuma kwa kicheko. Jaji alingoja kiishe, na yeye mwenyewe alikuwa ameweka leso chini.

"Nimesikia watu wameibiwa. Nimesikia bibi kafa mara nne kwa mwaka mmoja. Hili sijawahi kulisikia. Wewe unadaiwa na mji huu, unachukua pesa za mji unazitolea sadaka? Unadhani Mungu anataka pesa za watu?"

"Ni mimi niliyetoa!" Bi Verlene alikuwa amesimama. "Yeye hakujua."

"Keti, mama," alisema askari.

"Hakujua chochote. Nilimtunzia—"

"Mama, ukisema tena nakutoa nje," alisema jaji. "Mwanao ni mtu mzima. Stallworth, hili si somo la dini. Masharti umeyavunja. Ninafuta—"

Mlango wa nyuma ulifunguka. Renita aliingia na sare zake za kazi ya usiku, soksi moja imeshuka, akihema. Alikuwa ameacha usingizi na amepita shuleni kwa Amaya na mwenye nyumba amemkuta mlangoni, yote hayo. Askari alimzuia. Alipitisha mkono juu ya bega la askari na kuinua karatasi.

"Zimelipwa! Tisini. Nimetoka dirishani sasa hivi. Hii risiti."

"Na huyu ni nani?" aliuliza jaji.

"Renita Pettway. Jina langu limeandikwa hapo, Mheshimiwa. Naomba lisomwe."

Karani aliichukua risiti, akasoma jina na kiasi, akaipitisha juu. Jaji aliitazama pande zote mbili. Alipenga kamasi. Ilionekana wazi kwamba angependa kumalizia sentensi yake ile na sasa hana pa kuiweka.

"Faini imekamilika," alisema. "Kifungo cha nje kinaendelea miezi mitatu. Dola arobaini kila mwezi kwa Bi Kimbrell. Nikikuona tena hapa, Stallworth, njoo na mswaki."

"Mheshimiwa," alisema Bi Kimbrell, akifungua faili. "Kwa kumbukumbu tu. Anwani yake bado ni ile ya kwa mama yake? Akihama bila kutuambia, hilo nalo ni kosa."

Cortez alifungua kinywa. Asubuhi garini alikuwa ameambiwa masharti ya Renita, na hakusema ndiyo wala hapana, alicheka tu kwa pua. Sasa alimtazama mama yake, na Renita naye, kule mlangoni, alikuwa anamtazama mama huyohuyo. Hakuna aliyekuwa anamtazama jaji.

"Anakaa wapi?" aliuliza jaji. "Swali gumu hilo?"

Mstari mzima nyuma ya Bi Verlene walikuwa watu wa kanisa lake au watoto wa watu wa kanisa lake. Alisimama kwa mara ya pili. Askari alipiga hatua, jaji akamzuia kwa kidole.

"Kwa Renita Pettway," alisema Bi Verlene. "Majengo ya Mtaa wa Cotton, namba kumi na saba. Kwa mwanamke wake na mtoto wake."

Bi Kimbrell aliandika. Kalamu ilisikika.

Nguo za Cortez zilitosha kwenye mifuko miwili ya taka. Bi Verlene alizikunja zote hata hivyo, na soksi akazifunga mbili mbili, huku hao wawili wakisubiri garini. Aliporudi aliwakuta wamekaa nyuma wote, Renita amelala mdomo wazi begani kwa Cortez. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Akaweka mifuko hapo.

Akaendesha mpaka Mtaa wa Cotton. Kwenye ngazi za namba kumi na saba alisimama mwenye nyumba na funguo zake, akipunga mkono kwa hasira. Renita aliamka, akamwona, akasema, "Haya, tuanze," akashuka kwanza kwenda kuzungumza naye. Cortez alichukua mifuko. Kisha akazunguka upande wa dereva, akainama dirishani.

"Mama."

"Nakusikia."

"Usinitolee tena. Si dola, si senti. Ukitaka kutoa, toa zako."

Bi Verlene alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. "Na kukuombea?"

Cortez alifikiri. Nyuma yake mwenye nyumba alikuwa ameanza kupaza sauti na Renita alikuwa amempita kwa sauti.

"Kuomba omba tu," alisema. "Hiyo haina ada."

Akaenda. Bi Verlene aligeuza gari. Aliomba njia nzima, macho wazi kwa sababu alikuwa anaendesha, na hakuomba kwa upole.